Fomu za Mpishi wa Kettle Portage

Oveni ya pili imegoma tena. Verla Niskala anaipiga teke la ubavuni, si kwa hasira bali kwa mazoea, na taa yake nyekundu inawaka. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje, vioo vya magari vimeganda barafu. Ndani ya jiko la Shule ya Kettle Portage, pasti mia mbili na thelathini, za unga uliokunjwa kwa mkono na kujazwa nyama, viazi na vitunguu, zinasubiri kuingia motoni.

"Kama mume wangu wa kwanza," anasema Rhoda Trevarrow, msaidizi wake, akipangusa unga mikononi. "Hainyanyuki mpaka ipigwe teke."

"Na wa pili?"

"Wa pili hata teke hasikii."

Verla hacheki. Anaitazama karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Ina namba moja tu, imeandikwa kwa kalamu nene: 101. Jana ilikuwa 99. Inatakiwa ifike 106 kabla ya saa kumi jioni ya tarehe 31 Oktoba. Leo ni tarehe 26.

Namba hiyo haihusu pasti. Ni idadi ya watoto maskini.

Verla ana miaka 59, na miaka 27 kati ya hiyo ameimaliza mbele ya oveni hizi mbili. Analipwa dola 16 na senti 40 kwa saa, saa 32 kwa wiki, kwa wiki 38 ambazo shule iko wazi. Kwa mwaka mzima haifiki dola elfu ishirini. Anaishi na mjukuu wake wa kike mwenye miaka tisa, ambaye mama yake anafanya usafi hotelini katika mji mwingine na huja nyumbani mwisho wa mwezi, mwezi ukiruhusu.

Kazi yake ni kupika. Kuhesabu maskini hakumo kwenye mkataba wake, na halipwi kwa hilo hata senti.

Lakini mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo hakuna. Na kama haitafanywa, wilaya hii ya shule itampoteza mwalimu mmoja na basi moja kabla ya Krismasi.

Jimbo hugawa fedha za shule kwa kanuni. Kanuni hiyo imo kwenye kijitabu cha kurasa 41, na haijulikani kama kuna mtu wa Kettle Portage aliyewahi kufika ukurasa wa mwisho.

Kwa maneno ya jikoni inakwenda hivi. Kila mtoto ana fungu lake, dola 8,200. Kisha jimbo linapima wilaya yenyewe inaweza kujilipia kiasi gani, kwa kuangalia thamani ya ardhi na nyumba zilizomo. Kinachopungua, jimbo linajazia. Mwisho linauliza wilaya ina watoto maskini wangapi, kwa kuwa mtoto aliyetoka nyumba isiyo na kitu anahitaji msaada zaidi ili afike walipofika wenzake.

Wilaya ambayo nusu ya watoto wake ni maskini hupata fungu la ziada. Kwa Kettle Portage fungu hilo ni dola 190,000. Nusu ikikosekana, hata kwa mtoto mmoja, hakuna fungu. Hawatoi nusu yake wala robo yake. Shule ina watoto 212.

Katika kipimo cha ardhi, Kettle Portage ni tajiri. Kandokando ya ziwa kuna nyumba 340 za mapumziko, nyingine zina vyumba saba vya kulala na gati la boti. Wenyewe huja Julai, hulalamikia mbu, na huondoka kabla ya shule kufunguliwa. Hawaleti mtoto hata mmoja. Ila thamani ya nyumba zao inaingia kwenye hesabu, na huko mji mkuu, maili mia tatu na ishirini kusini, wakubwa wakisoma hesabu hiyo wanaona watu wanaoweza kujitegemea.

Sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ni msitu wa serikali. Msitu wa serikali haulipi kodi.

"Ukitutazama kwa ardhi, sisi ni matajiri," anasema Gordon Brisson, mkurugenzi wa wilaya, ambaye pia huendesha basi dereva akiugua. "Kitu pekee kinachosema ukweli kuhusu hapa ni zile fomu za chakula. Na tulizitupa wenyewe."

Anaposema "tulizitupa" anatafuta neno la upole. Aliyezitupa ni Verla, na Verla ndiye wa kwanza kusema hivyo.

Miaka ya nyuma, kila Septemba, mzazi alijaza fomu ya kipato chake ili mtoto ale bure. Fomu zilipelekwa kwa karani wa ofisi, na kwa fomu hizo hizo jimbo lilijua maskini ni wangapi. Kisha, miaka miwili iliyopita, chakula cha mchana kikawa bure kwa kila mtoto, mwenye nacho na asiye nacho. Ilikuwa habari njema. Verla alisimama katikati ya ukumbi wa chakula akiwa ameshika mwiko.

"Nikawaambia, kawaambieni mama zenu, makaratasi basi!" anasimulia. "Hakuna tena kujaza! Wakapiga trei mezani kama wendawazimu. Sijawahi kushangiliwa vile tangu nizaliwe."

Fomu zilizobaki alizikata vipande vinne vinne, akawa anaandika orodha ya manunuzi kwa nyuma. Zilimtosha mpaka Krismasi.

Maelezo kwamba fomu bado zilihitajika, si kwa ajili ya chakula bali kwa ajili ya hesabu ya jimbo, yalikuwemo kwenye waraka uliotumwa kwa barua pepe mwezi Agosti, ukurasa wa sita. Agosti shule imefungwa na jiko limefungwa. Waliotuma waraka wanalijua hilo. Na wao walipita shule.

Mwaka uliofuata, idadi ya watoto wenye fomu ilishuka kutoka 131 hadi 58. Huku Kettle Portage hakuna kilichobadilika. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimepunguza zamu moja, na duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefungwa. Huko mji mkuu kilisomeka kitu kingine: umaskini umeshuka kwa zaidi ya nusu katika mwaka mmoja.

"Walituandikia barua ya pongezi," anasema Brisson. Anayo bado, kwenye droo ya chini, chini ya kopo la skrubu.

Fungu la ziada likakatwa. Mwaka jana wilaya iliziba pengo kwa akiba iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya paa la ukumbi wa michezo. Akiba imekwisha. Paa ni lile lile, na ndoo zimepangwa chini yake.

Mwaka huu hakuna cha kuzibia. Bodi ya shule imekwisha kuamua kitakachoondoka kwanza. Ni mwalimu wa kusoma, Maryann Cadotte, na basi la Otter Creek. Watoto kumi na tisa wa Otter Creek watapanda basi la upande wa ziwa, ambalo linazunguka. Watakaa njiani saa moja na dakika hamsini kwenda, na hizo hizo kurudi.

Bi Cadotte hufundishia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya hoki. "Nina watoto thelathini na wanne," anasema. "Walikuja kwangu hawatofautishi herufi. Sasa wengine wamefika kwenye sentensi. Ukiwaacha hapo, Aprili watakuwa wamerudi nyuma, na watasema wao ni wajinga. Mtoto hasemi nimenyimwa mwalimu. Anasema mimi ni mjinga."

Verla anasema hakuna mtu aliyemlaumu usoni. "Gordon aliniambia si kosa lako, Verla. Ni kweli, wao ndio walioyaficha maelezo kwenye ukurasa wa sita. Lakini mdomo uliosema makaratasi basi ni huu hapa. Mtoto wa Otter Creek akisinzia kwenye basi, mimi ndiye nitakayemwona asubuhi akishindwa kula uji."

Kwa hiyo tangu wiki ya pili ya Septemba, kila siku akishamaliza kuosha sufuria saa nane mchana, anavua aproni, anachukua bahasha ya fomu, anapanda pikapu yake na kwenda nyumba kwa nyumba. Mafuta ni yake. Kwa hesabu ya Rhoda, kufikia mwisho wa mwezi atakuwa ametumia dola 140.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye kijitabu cha jimbo. Mama mmoja alivuta pazia huku runinga ikisikika. Mwanamume mmoja wa njia ya machimbo ya zamani alimkaribisha kahawa, akampa kilo mbili za nyama ya kulungu aliyemwinda mwenyewe, akamsindikiza mpaka kwenye gari, ila kalamu hakuigusa.

Watu wa kando ya mto walimwambia: "Maskini wako upande wa machimbo, nenda kwao." Watu wa upande wa machimbo wakamwambia: "Maskini? Wale wa mtoni."

"Nimezunguka maili mia nne natafuta maskini," anasema Verla. "Kila mtu anawajua, hakuna anayeishi nao."

Pasti zinatoka motoni saa nne na nusu. Leo ni Alhamisi, siku ambayo wazee wa mji wanaruhusiwa kula shuleni kwa dola nne, na foleni yao inaanza kabla ya ile ya watoto. Wengi ni wanaume waliofiwa na wake zao. Hawasemi sana. Wanapokea trei, wanasema ahsante Bi Verla, wanakwenda kukaa dirishani. Kuna mwaka jimbo lilitaka kuwazuia kwa kuwa hawamo kwenye hesabu ya wanafunzi. Verla aliendelea kuwapakulia, na jimbo likasahau.

Saa nane na dakika kumi anawasha pikapu. Leo anakwenda nyumba moja tu, kwa Ollila, kwa sababu nyumba hiyo ina watoto watatu shuleni, na fomu ya Ollila haikukosekana. Ililetwa Septemba, imejazwa vizuri, imesainiwa. Karani aliiweka kwenye fungu la wenye uwezo.

Duane Ollila, mwenye miaka 32, ni mkata magogo anayejitegemea. Ana lori lake, msumeno wake, na mkataba wa kupeleka magogo kiwandani. Amekubali habari zake ziandikwe gazetini kwa sharti kwamba iandikwe pia kuwa hajawahi kuchelewesha malipo ya lori hata mwezi mmoja. Ni kweli. Mkewe Shelly amethibitisha.

Verla anamkuta chini ya lori hilo, miguu nje, anakaza nati.

"Bi Verla, kama ni ile karatasi, nilishaileta," inasema sauti kutoka chini.

"Uliileta. Nami nimeirudisha."

"Ina kosa gani?"

"Mwandiko mzuri tu. Ila umeandika una hela kumshinda daktari wa meno."

Shelly, aliyekuwa anaanika nguo za kazi barazani, anaangua kicheko. "Daktari wa meno! Hebu toka huko chini, daktari, uniangalie hili gego."

Duane anatoka, mgongo umejaa vumbi la mbao. Anaitazama fomu bila kuishika, mikono ina grisi. Kwenye mstari wa kipato ameandika dola 94,600.

"Hizo ndizo kiwanda kilizonilipa mwaka jana. Risiti zote ninazo. Ulitaka nidanganye?"

"Dizeli alilipa nani?"

"Mimi."

"Matairi?"

"Mimi. Manane, mwezi wa tatu."

"Benki?"

"Mimi, Bi Verla, nani mwingine? Unadhani kulungu wananilipia?"

"Basi hizo hazikuwa zako. Zilipita tu mfukoni kwako zikienda kwa wenyewe. Mstari wa tisa unasema, anayejiajiri aandike kinachobaki baada ya gharama za kazi. Upo hapa, wameuandika kwa herufi za kuumiza macho."

Duane anafuta mikono kwenye suruali, kidole kwa kidole.

"Mwanamume haandiki kinachobaki," anasema mwishowe.

"Anaandika nini?"

"Anaandika alichokifanyia kazi."

Shelly ameacha nguo. "Duane, mi ndo naenda na hicho kinachobaki dukani," anasema. "We unaijua hiyo tisini na nne. Mi siijui, sijawahi kuiona, hata sura yake siijui. Leta hiyo karatasi."

Anaingia ndani, anarudi na daftari la shule lenye picha ya paka. Anasoma kwa sauti, na Verla anaandika pembeni kwa penseli. Dizeli, dola 31,200. Malipo ya lori, 21,600. Matairi, minyororo na matengenezo, 11,400. Bima, 7,500.

Zinabaki dola 22,900, kwa watu watano.

Duane anaisoma namba hiyo. Anaisoma tena. Mbwa wao anakuja kunusa viatu vya Verla, vinavyonukia nyama.

"Sasa naamka saa tisa usiku kwa ajili gani?" anauliza.

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Babangu alikufa hajasaini kitu kama hiki."

"Babako alikuwa na mshahara wa kiwanda na bima ya kiwanda, na siku alipovunjika mguu walimlipa akiwa kitandani. We una lori. Tena we mtoto usinihadithie babako, nimekulisha tangu darasa la kwanza. Ulikuwa unaficha karoti mfukoni."

"Bado anaficha," anasema Shelly.

Anasaini akiwa amesimama, karatasi juu ya boneti ya pikapu. Sahihi yake ni ndogo kuliko ile ya Septemba. Kisha anauliza swali moja: je, watoto wake wataitwa maskini darasani? Verla anamwambia hakuna atakayejua. Karani anajua, mkurugenzi anajua, na jimbo linajua namba tu, halijui jina.

"Jimbo halijawahi kunijua jina," anasema Duane, na kurudi chini ya lori.

Kosa la Ollila halikuwa lake peke yake. Baada ya siku hiyo, Verla alimwomba karani atenge fomu zote za wakata magogo. Zilikuwa kumi na moja, na kumi kati yake zilikuwa zimejazwa vile vile: fedha zote zilizolipwa na kiwanda, bila kutoa gharama. Familia nyingine tano zilikubali kusahihisha, lakini tatu kati yake watoto wao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kwa orodha ya msaada wa chakula wa serikali, na mbili bado zilizidi kiwango. Nyingine zilikataa. Mmoja alisema akiandika kinachobaki, na mkewe akakiona, hatapika tena.

Brisson anasema alipiga simu mji mkuu kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kufikiria kwamba kwenye wilaya za misitu watu hujaza fomu hivi. Alijibiwa kwamba ofisi hufanya kazi na takwimu zilizowasilishwa. Aliuliza nani anaweza kuja kuona. Alijibiwa kwamba bajeti ya safari imekwisha. Ilikuwa Oktoba, mwaka wao wa fedha ulianza Oktoba.

Tarehe 31, namba mlangoni pa jokofu ni 104. Watoto wamekuja wamevaa mavazi ya kutisha, kama desturi ya siku hiyo, na Verla anampakulia tambi mzuka wa shuka asiyeona tundu za macho ziko wapi. Mpaka saa nane hakuna aliyeleta kitu. Rhoda anaosha sufuria peke yake. Amemwambia Verla aende akakae ofisini kwa karani, maana jikoni anamtia wasiwasi.

Saa tisa na dakika ishirini anaingia mwanamume yule wa njia ya machimbo. Hakutaka jina lake liandikwe. Amevua kofia. Anaweka karatasi iliyokunjwa mara nne juu ya meza.

"Wawili," anasema. "Usimwambie mtu."

"Simwambii."

"Ile nyama mlikula?"

"Tulikula. Ilikuwa laini."

"Ningejua utaning'ang'ania hivi ningekupa ya shingo."

Hiyo ni 106. Karani anakagua sahihi, anakagua tarehe, anakagua tena. Saa kumi kasoro dakika tano mama mmoja anapiga honi nje, hataki hata kushuka kwenye gari; anapitisha fomu dirishani. Mtoto mmoja. Inakuwa 107, na karani anabonyeza kitufe cha kutuma.

Bi Cadotte alipoambiwa, alirudi kwenye stoo ya hoki kwa sababu kulikuwa na mtoto anamsubiri katikati ya ukurasa. Basi la Otter Creek liliondoka saa yake ya kawaida. Verla alitoa karatasi ya namba kwenye mlango wa jokofu, akaitupa.

Habari hii ingeishia hapo kama ingekuwa mikononi mwa watu wa Kettle Portage.

Tarehe 14 Novemba ilifika barua nyingine kutoka kwa wakubwa. Safari hii haikufichwa ukurasa wa sita. Ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Inasema kwamba kuanzia mwaka ujao wa shule, fomu za kipato hazitahesabiwa tena. Mtoto atahesabiwa kuwa maskini iwapo tu familia yake imo kwenye orodha ya msaada wa chakula wa serikali. Lengo, inasema barua, ni kuzipunguzia wilaya mzigo wa makaratasi.

Brisson aliomba orodha hiyo. Watoto wa Kettle Portage waliomo ni 38.

Sababu si kwamba wengine wameshiba. Ofisi ya msaada huo iko maili 58 kutoka hapa na hufunguliwa siku tatu kwa wiki. Anayekubaliwa hupewa kadi, na kadi hiyo hutumika kaunta, mbele za watu. Mji huu una duka moja la vyakula na mwenye kaunta mmoja, Elaine, anayemjua kila mtu na mama yake. Fomu ya shule inaweza kukunjwa mara nne. Kadi haikunjwi.

Ndiyo maana wako watu hapa wanaokula viazi na nyama ya kuwinda kuanzia Novemba mpaka theluji iyeyuke, na wanaitwa, kwa mujibu wa orodha ya serikali, watu wasio na shida. Mtu wa huko juu akitaka kupunguza maskini wa jimbo lake, hahitaji kuwapa kitu. Anabadilisha tu mahali pa kuwahesabia.

Verla aliisoma barua jikoni, amesimama. Rhoda alisubiri aseme kitu.

"Sitini na nane," alisema Verla.

"Nini sitini na nane?"

"Wanaopungua. Mia na sita utoe thelathini na nane. Sitini na nane."

"Verla, we umechoka. Waache. Safari hii si wewe uliyekosea."

"Kwani watoto wa Otter Creek watasafiri kidogo kwa sababu si mimi?"

Katika wale thelathini na wanane, mjukuu wake hayumo. Kwa mshahara wa Verla wangestahili tangu siku mtoto alipohamia kwake, miaka minne iliyopita. Fomu ya shule aliijaza, ilikuwa ya kwanza kupokelewa Septemba. Kadi hakuwahi kuiomba. Alipoulizwa kwa nini, alifunga bomba la maji, akalifungua tena.

"Nilisoma na Elaine," alisema. "Darasa moja. Tuligombea mvulana mmoja."

Ameomba ruhusa ya Jumatatu, ruhusa yake ya kwanza kwa miaka sita. Atakwenda maili 58 na vyeti vya mjukuu, hati za mshahara na bili ya umeme. Ameambiwa kadi huchukua siku kumi kufika kwa posta.

Ikifika, hana mpango wa kwenda nayo dukani jioni wakati kumetulia, kama wanavyofanya wale wachache walio nayo. Atakwenda Jumamosi saa tano, watu wakitoka kununua nyama na risasi za kuwindia, foleni ikiwa imefika mlangoni.

"Nitachukua maziwa, mayai, jibini, na yale machungwa ya bei," alisema. "Nitaitoa kadi nimpe Elaine mkononi, kweupe. Watakaocheka wacheke, mradi wameona. Siwezi kumpeleka mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sijakanyaga."

Na baada ya hapo?

"Naanza na kina Ollila. Duane atanifukuza."

Alirudi kwenye sinki. Zilikuwa zimebaki sufuria mbili.

"Nitarudi kesho yake."